Krismasi yangu Chuno, na madeni ya sahani

Mwalimu Mkenya anayefundisha shule binafsi Mtwara hana sababu ya kubaki mjini Desemba. Shule zimefungwa na wanafunzi wako makwao. Miaka yote nilikuwa napanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, nalala huko, halafu naunganisha hadi Namanga, Nairobi na nyumbani Kakamega. Mwaka 2020 hesabu zilikataa. Kuvuka mpaka kulitaka cheti cha kipimo cha korona, cheti kinataka pesa, na ng'ambo ya pili Kenya kulikuwa na kafyu, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Huku Tanzania hakukuwa na kafyu yoyote. Mama mwenyewe akaniambia kwenye simu, "Kaa huko mwanangu, utakuja mambo yakitulia."

Nikakaa. Wakristo wenzangu wa kazini hawakubaki hata mmoja. Wengi kwao ni Masasi, Ndanda na Newala, ambako kanisa ni la siku nyingi: wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaanzisha kituo chao Ndanda mwaka 1906. Sikukuu ikikaribia wanajaza mabasi na viroba vya mchele, na mtaani kwetu Chuno tunabaki na Waislamu. Mwalimu mmoja alinialika kwao Ndanda. Ningekwenda kwa furaha, ila nilikuwa na madeni.

Madeni yenyewe yalikuwa ya sahani. Idi el-Fitri ya Mei nililetewa pilau kutoka kila upande wa nyumba, nikala siku ya pili na ya tatu. Idi ya kuchinja, mwisho wa Julai, ikaja nyama mbichi na ya kupika. Desemba ilipoingia, wenye sahani zao wakaanza kunikumbusha. Mama Somoe, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alikuwa anaanika nguo akaniuliza, "Mwalimu, sikukuu yako tunakula nini?" Hakuuliza kama nitapika. Mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimepanga kujifungia ndani na redio, nijionee huruma kwa nafasi. Mpango ukafa pale kwenye kamba ya nguo.

Kwetu Krismasi ni kuku na chapati. Kuku hana ubishi, ila kwa Mtwara bei yake Desemba si ya mchezo. Huo ndio msimu wa korosho: minada ya vyama vya ushirika ikishapita na malipo yakaingia benki, pesa inatembea mjini, na muuza kuku anajua. Nikawanunua mapema na kuwafuga uani, wakanila pumba kuliko nilivyotarajia.

Aliyenifungua macho kuhusu mengine ni Mama Somoe. "Kuku atachinja nani?" Nikamwambia nitachinja mwenyewe, nyumbani nilizoea. Akacheka. "Basi utakula mwenyewe." Akanipeleka kwa Mzee Issa, mwenye duka la kona. Nikaamkia, nikaeleza shida yangu, naye akataka kujua jambo moja tu: "Saa ngapi? Maana siku hiyo ni Ijumaa." Ni kweli, Krismasi ya mwaka ule iliangukia Ijumaa. Tukakubaliana asubuhi mapema, na chakula kiwe tayari watu wakitoka msikitini. Masufuria nayo aliniazima Mama Somoe. Mimi sili nguruwe, lakini nilichukua yake bila kubishana. Mtu anayekula kwako akijua sufuria imetoka kwa nani, anakula kwa raha.

Mti ulinipa taabu kidogo. Kakamega tunakata tawi la msaiprasi, tunasimamisha kwenye debe la mchanga, basi. Pwani utaona mikorosho, minazi na miembe, na mkorosho hata uuvalishe nini haufanani na Krismasi. Nikaenda ufukweni Shangani nikaokota tawi la mvinje lililoangushwa na upepo. Majani yake membamba yananing'inia kama nywele, na kwa mbali lilinitosha. Watoto wa mtaa wakalivalisha karatasi za pipi. Hawa, binti wa Mama Somoe, akaniuliza linaliwa au la.

Pesa ya nyumbani ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote. Tangu 2015 unaweza kutuma M-Pesa kutoka Vodacom huku hadi Safaricom kule, na mama akapokea kwa shilingi za Kenya. Cha kuangalia ni kiwango cha kubadilishia pesa: simu inakuonyesha kabla hujathibitisha, na ukituma na kuthibitisha kwa haraka unamnyima mama nusu kilo ya nyama. Nilituma mapema, kabla ya pilika za mkesha, ili asipange foleni kwa wakala siku ambayo kijiji kizima kinatoa pesa. Na saa zetu ni moja, kwa hiyo sikuwa na habari ya kuhesabu usiku wa kule ni mchana wa huku, kama wenzangu walio Ulaya.

Alhamisi usiku nilikwenda misa ya mkesha. Kanisa lilikuwa na nafasi, kwa sababu ya wale waliopanda mabasi, na joto lilikuwa la kutosha kumfanya mtu atamani mahubiri mafupi. Mama yangu ile saa alikuwa kitandani. Kwao walisali jioni ili wawahi kafyu.

Ijumaa asubuhi Mzee Issa alikuja na kisu chake. Akawaelekeza kuku kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akamaliza kazi na kurudi dukani kabla hata maji ya kunyonyolea hayajachemka. Chapati ndizo zilileta mjadala. Mimi nakanda kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta. Mama Somoe akatazama sufuria ya maji kama mtu aliyepewa chai bila sukari. "Tui liko wapi?" Akamtuma Hawa alete mbuzi ya kukunia, na tukakanda nusu kwa tui, nusu kwa maji ili nisikane kwetu. Unga wa tui katika lile joto unalegea upesi. Ukishapaka mafuta na kuviringisha inabidi usukume na kukaanga bila kuchelewa, la sivyo unashika kibao. Hawa alijifunza kusukuma pale pale, mara ya kwanza ramani ya Afrika, baadaye duara.

Zile za tui zilikuwa bora. Nalisema hilo nikijua dada zangu watasoma.

Saa nane wanaume wakaanza kurudi na kanzu zao. Watoto wakabeba sahani, kila nyumba na yake, chini ya kawa. Mzee Issa nilimpelekea mwenyewe, akala pale pale kaunta, akamwita mteja aonje. Mama alipiga simu katikati ya hayo, akanikuta naparuza sufuria. Akauliza niko na nani, mbona kelele. Nikampa Mama Somoe aongee naye. Waliongea mpaka salio la mama likaisha. Sijui walichosemezana, nilichosikia ni Mama Somoe kuahidi kunitafutia mchumba.

Krismasi iliyofuata kafyu ilikuwa imeshaondolewa, Oktoba 2021, nikaamua kwenda Kakamega. Nilipomuaga Mama Somoe, swali lake lilikuwa nani atapika. Nikamwachia Hawa mfuko wa ngano na pesa ya kuku, na Mzee Issa nikamwambia kwamba safari hii ni Jumamosi, achinje saa anayotaka.