Nilivyoifuatilia R44 ya mtumba hadi kwenye namba yake ya zamani

Mwaka 2016 mzee ninayemfanyia kazi hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, alipata helikopta ya kununua Marekani: Robinson R44, viti vinne, iliyoundwa 2006. Picha zilikuwa zinang'aa. Mimi ndiye mtunza vitabu vya kumbukumbu za ndege ofisini, basi akaniletea faili mezani. "Kijana wangu, niangalizie hii kabla sijatuma pesa."

Nilianza na namba ya usajili ya mkiani, ile inayotanguliwa na N. Rejista ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikaonyesha mwenyewe ni huyo huyo muuzaji. Kwenye kumbukumbu za NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, namba hiyo haikuleta kitu.

Kitabu cha kumbukumbu cha helikopta ndicho kilichonitia shaka. Ukurasa wa kwanza ulianzia saa 1,140 za kuruka, mstari mmoja tu ukisema saa zimehamishwa kutoka kitabu cha awali. Nilipouliza kilipo, muuzaji akajibu kimepotea.

Sasa, Marekani mwenye ndege anaweza kuomba namba nyingine ya mkiani. Namba ya kiwandani haibadilishwi hivyo. Nikaomba picha ya kibati kilichochapwa namba hiyo, na kwa namba ile nikaagiza jalada zima la FAA kutoka Oklahoma City. Ndani yake kulikuwa na namba ya zamani, pamoja na Fomu 337, inayojazwa kwa matengenezo makubwa: mkia mzima ulikuwa umebadilishwa.

Nikairudia NTSB kwa namba ya zamani. Ripoti ikatokea. Mwanafunzi alikuwa akifanya mazoezi ya kushuka bila nguvu ya injini, wakatua kwa kishindo, mapanga ya juu yakapinda na kuukata mkia. Nilikaa kimya mbele ya kompyuta. Tungepakia watu humo.

Helikopta iliyoanguka ikatengenezwa vizuri siikatai. Lakini mapanga yakigonga kitu injini ikiwa inazunguka, injini nayo hukaguliwa ndani, na jaladani sikuona karatasi hata moja ya ukaguzi huo. Matangi ya mafuta nayo yalikuwa yale ya alumini. Tangu 2010 kiwanda kilikuwa kimewataka wenye R44 za zamani waweke mifuko laini ndani, kwa sababu matangi yalipasuka kwenye ajali ambazo watu wangepona, moto ukawaua. Tena R44 hufumuliwa na kujengwa upya ikitimiza saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Hii ilibakiza miaka 2.

Na kama ingefika huku? Ndege haisajiliwi nchi mbili kwa pamoja, kwa hiyo ingefutwa Marekani, ipewe namba ya Kenya inayoanza na 5Y, na ile ajali ingezama zaidi.

Mzee aliisoma ripoti mara mbili, akavua miwani. Pesa hakutuma. Kila anapopata nyingine siku hizi, kabla ya kuuliza bei anaomba picha ya kibati.