Jumamosi ya baridi na ndege wa Central Park

Jumamosi ya Januari nimetoka Jersey City asubuhi kabisa, baridi digrii hasi 6, masweta mawili na koti juu, treni ya C mpaka stesheni ya mtaa wa 81 nikaingia Central Park. Miaka yote nilikuwa naamini winta ndege wote wanahama, kumbe wapo wanaotoka Kanada huko na kuja hapa New York kama sisi tunavyokimbilia Tanga, kwao huku ndo kwenye joto.

Nikaanzia Ramble, ule msitu katikati ya paki. Miti haina jani hata moja kwa hiyo ndege hana pa kujificha unamwona mzima mzima. Kuna sehemu wametundika vyombo vya mbegu, pale nikamkuta kadinali dume, mwekundu kama pilipili iliyoiva, kajitutumua manyoya mpaka kawa duara kama kitumbua. Ndivyo wanavyoota moto, hewa inanasa katikati ya manyoya na joto halitoki.

Pale alikuwepo mzee mmoja na darubini yake, akaniazima bila hata kuniuliza natokea wapi. Tukaongozana kwenda kwenye lile bwawa kubwa la hekta 43 na njiani akanisimulia habari za Flaco, bundi aliyetoroka zoo ya humo humo Februari 2023 baada ya mtu kukata wavu wake, akaishi huru mwaka mzima akiwinda panya mpaka alipokufa Februari 2024, walipompima wakakuta sumu ya panya mwilini. Watu walienda kuweka maua na barua chini ya mwaloni aliokuwa anapenda kutua. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanamfukuza, na mimi nimekulia kwenye hiyo imani, lakini habari ya huyu imeniuma kweli.

Bwawani nusu ni barafu, nusu maji. Na hapo ndo nilipoganda saa nzima, kuna bata wana mdomo mpana kama mwiko, wako kama thelathini hivi, wanazunguka duara vichwa ndani ya maji kama watu wa ngoma, miguu inavuruga maji vidudu vinapanda juu halafu wanavichuja kwa meno membamba ya pembeni ya mdomo, kama kitana yaani. Jamii hiyo hiyo inashuka mpaka Naivasha na Nakuru miezi hii, ila wale wanatokea Ulaya na Asia.

Nikamrushia mama video. Kesho yake akapiga, "Mwanangu, hao miguu haiwagandi?" Nikamwambia haigandi mama, damu ya moto ikishuka mguuni inapishana na ya baridi inayopanda, inaipasha kabla haijafika mwilini. Akanyamaza kidogo, akasema nimtumie nyingine, ya yule mwekundu.