Kandege kamepata nguvu

Jamani, leo hapa uwanja wa ndege wa Nduli kandege ketu kamenifurahisha! Huku Iringa uwanja uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, na jua la mchana likishawaka, ndege inakimbia weee ndipo inyanyuke. Injini yetu, Rotax 912, inaruhusiwa mizunguko 5,800 kwa dakika, tena isizidi dakika 5. Sisi hatukuwa tunaifikia hata kwa dawa. Fundi akalegeza boliti, akapunguza pembe ya mapanga ya propela, akapima moja moja kwa kipimo chake, akakaza. Mapanga yakilala hivyo hayakati hewa nyingi, basi injini inazunguka haraka zaidi. Kasi ya safari imepungua kidogo, sina neno. Lakini kupanda sasa! Mwenye hisa mwenzangu eti kesho zamu yake. Thubutu, mafuta nimejaza mimi.