Siku moja maishani mwangu: nahesabu vinyweleo vya majani

Nikiulizwa nafanya kazi gani, husema niko maabara, basi. Nikieleza kwamba nahesabu vinyweleo vya majani, watu hucheka, kisha huuliza kama nalipwa.

Saa 1:30 asubuhi nipo kwenye nyumba ya mimea, namwagilia minyanya na kufunga matawi. Haipiti nusu saa, vidole vimekuwa vya kijani iliyokolea kuelekea weusi, na vinanata. Hiyo si tope. Mnyanya una vinyweleo vyenye tezi kichwani. Vingine vina kichwa cha seli 4 kinachopasuka kwa kuguswa tu. Vingine hutoa gundi ya sukari iliyoungana na asidi za mafuta, ambayo hunasa wadudu wadogo. Nikinawa, povu linatoka manjano. Wageni hudhani sinawi mikono.

Saa 3:00, nachuma majani machanga ya mnanaa kwa koleo ndogo. Nayataka machanga kwa sababu tezi, yaani vinyweleo vyake vya mafuta, huanzia huko: seli moja ya ngozi ya jani huvimba kuliko jirani zake, hugawanyika, na kutokea seli ya kitako, ya shingo na ya kichwa. Ya kichwa huendelea kugawanyika mpaka zinakuwa 8, zimejipanga duara. Jani likiwa bado linakua tezi mpya huzidi kuota, hivyo jani moja huwa na tezi za kila rika: ambazo hazijaanza kutoa mafuta, zinazotoa, na zilizokwisha kujaa. Kila rika lina safu yake kwenye daftari.

Saa 4:00 hadi 6:30: hadubini, kuhesabu, shingo inauma.

Saa 7:00 mchana akaja mwanafunzi. Mfuko wa nailoni, majani ya mnanaa yamesongamana ndani yake, yamelowa. Yalikuwa mfukoni mwa suruali tangu asubuhi.

“Dada, haya yana mafuta tele. Hebu nusa.”

Mdogo wangu, kama chumba kizima kinanukia, mafuta hayako tena kwenye jani! Nikamweka kwenye hadubini. Mafuta huanza kutengenezwa ndani ya seli za kichwa, kwenye leukoplasti, vijisehemu vya ndani ya seli visivyo na rangi. Kisha hutoka nje ya seli, yakavuka ukuta wake, na kukusanyika chini ya kutikuli, utando mwembamba unaofunika jani. Utando huo huinuka kama lengelenge la kidole kilichoungua. Hayawezi kurudi ndani ya jani, kwa kuwa kuta za pembeni za seli ya shingo zimepakwa kutini, kitu kama nta kisichopitisha chochote. Yanabaki pale juu, yakingoja mdudu, au mfuko wa suruali.

Kwenye jani lake malengelenge yalikuwa yamenywea, moja baada ya jingine. Akaniuliza kama tunaweza kuhesabu yale mazima halafu tukadirie yaliyobaki. Nikakataa. Akasema wenzake hukadiria. Nikakataa tena. Akapiga picha za tezi zilizopasuka kwa simu, akaenda kuchuma mengine.

Akarudi na majani makubwa, mapana, ya zamani. Mazuri kwa macho, lakini hayana hata tezi moja inayoanza, wakati swali lake lote ni jinsi tezi inavyokua. Nikaenda naye mwenyewe mpaka kwenye vyungu, nikamwonyesha ncha ya chipukizi, koleo lishike kikonyo tu, vidole visiguse bapa. Hapo kazi yangu ya mchana ilikuwa bado haijaanza.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Nilihesabu yake, nikahesabu yangu, macho yakawa yanaona nukta hata ukutani. Yeye anaandika, mimi nataja: changa, changa, imejaa, inatoa. Angalau mwandiko wake ni mzuri.

Tulipomaliza akageuza jani. “Na upande wa chini, dada?”

Upande wa chini ni kesho, na majani aje nayo kwenye kisahani chenye kifuniko.