Koili ipi ifungwe wapi: maendeleo ya mradi wangu wa detekta, Kigoma

Kazi ya kipindi hiki imekuwa moja tu, kujua koili ipi, yaani ile sahani ya chini ya detekta ya kutafutia metali, inafaa eneo lipi. Sasa ninazo nne: ya inchi 9 iliyokuja na mashine, ambayo ni duara ndani ya duara, halafu tatu za D mbili, yaani zenye nyaya za umbo la herufi D mbili: ya inchi 6, ya 11 na ya 15. Watu wananitafuta kwa mambo ya kawaida: pete iliyopotea ufukweni, cheni ya mtoto, funguo, bikoni ya kiwanja iliyofukiwa na udongo. Na karibu kila mmoja akiona koili zimepangwa ananyooshea ile kubwa. "Funga hiyo, ndiyo inayofika chini." Mara nyingi ile kubwa naiacha nyumbani, na leo naeleza sababu.

Koili moja ina nyaya mbili ndani yake. Mmoja unatuma mawimbi ya sumaku ardhini, mwingine unasikiliza. Metali iliyo chini inapata umeme mdogo unaozunguka ndani yake, nao unarudisha mawimbi yake juu. Mawimbi hayo yanafifia haraka mno njiani. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, umbali ukiongezeka mara mbili, kinachorudi kinapungua zaidi ya mara 60. Ndiyo maana kutoka inchi 11 kwenda 15 hakukupi kina unachokitegemea, hasa kwa kitu cha ukubwa wa sarafu. Unachopata kwa uhakika ni eneo kubwa zaidi la kusikiliza kwa wakati mmoja, pamoja na kila takataka iliyomo.

Hapo ndipo Kibirizi, ufukwe wa hapa Kigoma, inapoingia. Pale boti za mbao zinatengenezwa na kukarabatiwa, na mchanga umejaa misumari: mipya, iliyopinda, iliyoliwa na kutu mpaka imebaki unga mwekundu ulioshikana. Ongeza vizibo vya soda, vipande vya waya na mabati. Nilipofika na mashine nikamwamkia fundi mmoja, naye akaitikia huku akigongomea ubao: "Marahaba, kijana. Hapa utaokota misumari yangu mpaka mwakani." Alisema kweli kabisa. Kwa koili ya inchi 15 hakuna hatua isiyo na mlio. Misumari mitatu na pete moja vikiwa chini ya koili kwa pamoja, mashine inatoa jibu moja la jumla, na jibu hilo ni chuma. Ukiwa umewasha kichujio cha chuma, kinachoiambia mashine ipuuze chuma, ndiyo kabisa, inanyamaza, na pete unaipita juu yake.

Nyumbani nina kitanda cha majaribio, kipande cha ardhi nilichosafisha na kufukia vitu kwa vipimo. Sarafu ninayotumia ni ya shilingi 200. Ya 500 haifai kwa jaribio hili kwa sababu ndani yake ni chuma cha pua kilichopakwa nikeli, inanasa kwenye sumaku na inachanganya mashine. Nimelaza sarafu inchi 4 chini na msumari wa boti pembeni yake, umbali wa vidole vitatu. Koili ya 15 inakoroma tu, mlio wa chuma. Ya 11 inakoroma, kisha kwa mbali inatoa mlio mwembamba ukiijia kutoka upande mmoja. Ya 6, ukiipeleka taratibu, unasikia vitu viwili: mkoromo, kimya kifupi, halafu mlio safi wa sarafu. Kile kimya kifupi cha katikati ndicho ninachokilipia. Kwa hiyo Kibirizi ni inchi 6, mwendo wa kinyonga, na eneo dogo kwa siku. Inachosha, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini pale.

Udongo nao una neno lake. Kwenye miinuko ya udongo mwekundu kuna chembechembe nyingi za madini ya chuma. Kuipima sehemu ni rahisi: weka sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, iburute juu ya udongo mkavu, kisha iinue. Ikitoka na ndevu nyeusi, jua mashine itakuwa inausikia udongo wenyewe. Koili ya duara ndani ya duara inasumbuka sana hapo, kwa sababu inasikiliza pande la udongo lenye umbo la pia. Ya D mbili inasikiliza ukanda mwembamba katikati, kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo udongo unaoingia ni mchache. Milimani nafunga D ya inchi 11, naisawazisha mashine na udongo, yaani naiweka iupuuze udongo wa pale, kila nikihama shamba, na unyeti naupunguza kidogo. Hata hapo ya 15 sioni faida yake, kwani inabeba udongo mwingi zaidi.

Ufukwe safi wenye mchanga mweupe ni raha. Wenzetu wa Dar es Salaam wanapambana na maji ya chumvi, ambayo yanapitisha umeme na kuifanya mashine inayotumia frikwensi moja tu ipige kelele kwenye mchanga mbichi. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya namna hiyo, hayana shida hiyo, kwa hiyo unaweza kufuata ukingo wa maji bila wasiwasi. Hapo ya 9 inafanya vizuri, na mlio wake ukiwa juu kabisa kitu kiko katikati ya duara, unachimba kishimo kidogo tu. Angalia tu kwamba kwa mashine nyingi kinachovumilia maji ni koili, sio kisanduku cha juu.

Koili ya 15 nimeipatia kazi yake, nayo ni bikoni. Chuma kilichomo ndani ya zege ni kikubwa, hakina mwenzake karibu, na eneo la kutafuta ni pana. Nazima vichujio vyote, natembea kwa mistari. Nikikipata naweka alama na kuishia hapo. Kuthibitisha mpaka ni kazi ya mpima ardhi.

Kuhusu mali za Mjerumani, ambazo naulizwa kila mahali: ni kweli Tabora walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mwaka 1916, na meli ya Graf von Götzen waliizamisha wenyewe mwaka huohuo kabla haijaibuliwa 1924 na baadaye kuitwa Liemba. Lakini kuchimba mambo ya kale bila kibali kunakatazwa na sheria ya mwaka 1964, na maeneo kama ile kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji siyasogelei na mashine. Nakataa kazi hizo hata kama malipo ni mazuri.

Kabla ya kununua koili yoyote, hakikisha imetengenezwa kwa ajili ya mashine yako na frikwensi yake. Plagi kuingia hakutoshi.

Inayofuata ni koili ya yai, inchi 5 kwa 10. Kwenye mashamba ya michikichi zile za duara zinagonga mizizi na visiki, na kila ikigonga inatoa mlio wa uongo. Nimeshapata shamba la kujaribia, mwenyewe alipoteza panga na pete ya ndoa wakati wa kukata mikungu. Panga nimeshalipata kwa ile ya 11.