Kocha Anaondoka Novemba, Mechi Bado Zipo

Tarehe 30 Novemba 2025 Lane Kiffin, kocha wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, aliiaga Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) akaenda LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana). Timu aliyoiacha ilikuwa imeshinda mechi 11 na kufungwa moja tu, na Georgia, na nafasi yake kwenye mtoano wa kitaifa ilikuwa kama iko mfukoni. Aliomba abaki mpaka mtoano uishe. Keith Carter, mkurugenzi wa michezo wa chuo, alikataa, na timu akapewa Pete Golding, msaidizi aliyekuwa akisimamia ulinzi.

Mitandaoni Kiffin alinyofolewa nyama zote: msaliti, mroho, hana haya. Sina haja ya kumtetea, na Carter alifanya sawasawa. LSU na Ole Miss wako ligi moja, SEC, ligi ya vyuo vya kusini mwa Marekani. Utamwachaje mtu aongoze mazoezi yako asubuhi, halafu jioni awapigie simu vijana waje kwa mpinzani wako?

Ila hasira zangu mimi ziko kwenye kalenda. Wapenzi wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu tunapenda kuamini kwamba kocha anatimuliwa matokeo yakiwa mabaya. Matokeo yanachangia, lakini saa ya kutimua inapangwa na siku ya usajili. Zamani vijana wa sekondari walikuwa wakisaini kujiunga na timu za vyuo Februari, kwa hiyo chuo kingeweza kumaliza msimu, kikavuta pumzi, kikatafuta kocha kwa utulivu. Mwaka 2017 likaja dirisha la kusaini mapema, Desemba. Mwaka 2024 likasogezwa hadi mwanzoni kabisa mwa mwezi huo, kabla hata ya fainali za ligi. Sasa piga hesabu: ukitaka kocha mpya awe amekaa na wazazi wa wachezaji kabla ya siku hiyo, lazima umpate Novemba. Ili umpate Novemba, wa sasa umtoe Oktoba. Au Septemba!

Chuo cha USC kilimwondoa kocha wake Clay Helton Septemba 2021 baada ya mechi mbili. Mbili. Chuo cha Nebraska nao walimfuta Scott Frost tarehe 11 Septemba 2022, ilhali wangevumilia hadi tarehe mosi Oktoba fidia yake ya kuvunjiwa mkataba ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi 7.5. Rafiki yangu aliyeniingiza kwenye mchezo huu hushikilia kwamba kila kitu ni pesa, na kila akinianzia hiyo hoja namtajia Frost. Wiki tatu hawakuweza kusubiri. Na hao LSU, nafasi ya Kiffin ilipatikana kwa sababu walimtimua Brian Kelly Oktoba, msimu ukiwa katikati. Huyo Kelly naye, mwaka 2021, aliikimbia timu ya chuo cha Notre Dame siku za mwisho za Novemba ikiwa imeshinda 11 na kufungwa moja. Mwenye kumhurumia amhurumie.

Kuna jambo ambalo naona halikuzungumzwa vya kutosha. Mpinzani wa kwanza wa Ole Miss kwenye mtoano alikuwa chuo cha Tulane, na kocha wa Tulane, Jon Sumrall, alikuwa ameshakubali kazi ya Chuo Kikuu cha Florida. Yeye aliruhusiwa kubaki. Florida na Tulane hawako ligi moja, basi hakukuwa na mgongano mkubwa. Uwanjani, Ole Miss walishinda 41 kwa 10. Nisingesema matokeo yale yanathibitisha lolote, kwa sababu Ole Miss walikuwa bora kwa kila kipimo. Ninachojua ni kwamba kambi zote mbili ziliingia mechi kubwa ya msimu huku moja kocha wake akiwa ameshaondoka, na nyingine wake akiwa njiani kuondoka.

Halafu Januari 2 dirisha la wachezaji kuhama chuo likafunguliwa, nusu fainali zikiwa hazijachezwa. Kijana ana mechi ya maisha yake mbele, na simu inaita: njoo huku, kocha wako wa zamani anakutaka. Kocha akijiwahi tunamtukana, lakini mchezaji wa miaka 20 tunamtaka achague chuo huku akisoma mbinu za mpinzani.

Dawa ninayoiona haina ujanja. Usajili wa sekondari urudi Februari, na uhamisho ufunguliwe baada ya fainali. Hapo mkurugenzi atakayefukuza kocha Septemba itabidi atafute sababu nyingine ya kuwaambia mashabiki.