Kitonga kwa gia ya pili

Pikapu yetu ni Hilux ya mwaka 1996, dizeli, injini inayoitwa 3L (hilo ni jina tu, ujazo wake ni lita 2.8), haina tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada. Mzee aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiendesha hadi macho yalipoanza kumsumbua, ndipo akanikabidhi funguo. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 90 hivi. Naipenda kuliko gari lolote jipya nililowahi kushika usukani wake, na nilikaribia kuiua kwenye mlima Kitonga kwa mguu wangu mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua mashine ya kupukuchua mahindi Morogoro. Ni ile ya kuvutwa, imekaa pamoja na injini yake juu ya tela la magurudumu mawili. Tulipoipitisha kwenye mizani ya ghala ilisoma kilo 940. Nyumbani ni Makambako, zaidi ya kilomita 450 kutoka pale, na mlima uko katikati.

Kwa asiyepajua: ukitoka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu na wauza vitunguu, barabara inakwenda vizuri tu, halafu inaanza kujisokota kwenye ubavu wa mlima. Mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda polepole kiasi kwamba utingo anaweza kushuka, akatembea kando ya lori, akapanda tena. Yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki. Mtaani tukisema fulani anapenda kitonga, tunamaanisha anapenda vya bure, vya mteremko. Sisi tunaotokea Morogoro tunakutana na mlima huu upande wa kulipia.

Nilianza kupanda saa nane mchana, jua likiwa kali. Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana wa miaka 19. Niliingia kwa gia ya tatu nikiwa na mwendo mzuri, na mwendo ulipopungua nikakanyaga mafuta hadi chini. Moshi mweusi ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Nikakanyaga zaidi. Leo najua moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzwa nayo. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua, na Iringa iko juu ya mita 1,500. Mafuta unayoongeza pale moshi ukishakuwa mweusi hayakupi nguvu. Yanakupa joto.

Sindano ya joto ikapita nusu. Ikapita robo tatu. Nikaona sehemu pana kidogo kabla ya kona, nikaegesha, nikavuta breki ya mkono.

Breki ya mkono haikushika.

Aliyewahi kurudi nyuma na tela anajua ninachosema. Gari likirudi kwa kutelemka, tela linajikunja, na likishajikunja huwezi kulinyoosha tena ukiwa unarudi. Nilikandamiza breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Shemeji alikuwa ameshafungua mlango na kuruka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akikimbia na jiwe kubwa ameliegemeza tumboni, akalitupa nyuma ya tairi. Gari likaegemea jiwe, likatulia. Sikuwa nimemwambia chochote.

Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama. Utingo wake akaja na kigingi cha mbao, akakisukuma chini ya tairi la tela. Kisha akakata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, alama ambayo kila dereva wa barabara zetu anaielewa. Dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, akanikuta nimeshika kitambaa naelekea kwenye kifuniko cha rejeta.

"Mdogo wangu, acha hicho. Yatakubabua uso."

"Shikamoo mzee. Nimezima, nataka niongeze maji."

"Marahaba. Rejeta ingekuwa inavuja ningekwambia uzime. Haivuji. Washa, acha injini izunguke pole bila gia, feni ifanye kazi. Na fungua hita."

Hita, Mbuyuni ikiwa bado inaonekana kule chini! Nilitii. Hita ni kama rejeta ndogo, inanyonya joto la injini na kulileta kwako ndani. Tulikaa na milango wazi jasho likitutiririka, na sindano ikashuka mbele ya macho yangu, taratibu, hadi ikarudi mahali pake. Alisubiri nasi karibu dakika 50. Kabla hajaondoka alisema gari la zamani linapandishwa kwa gia uliyoichagua chini, kabla mlima haujaanza. Ukingoja likuombe gia, umechelewa.

Tulipanda kipande kilichobaki kwa gia ya pili na kufika Ilula jioni.

Kesho yake Ipogolo, pale Iringa, fundi mmoja mzee alifungua mahali inapokaa themostati. Palikuwa patupu. Kuna fundi aliyeitoa miaka ya nyuma, na najua alikuwa na nia njema, maana huku kwetu wengi tunaamini themostati ni ya nchi za baridi. Gari likichemka, cha kwanza ni kuitoa ili maji yapite bila kizuizi. Kwenye injini hizi ni kosa kubwa, na naomba yeyote mwenye 3L asome hapa mara mbili.

Themostati yake inafanya kazi mbili. Injini ikipata moto inafungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Maji mengi ya moto yanazunguka mulemule kwenye injini na hayaonani na upepo wa feni kabisa. Kwenye tambarare huoni shida, hata utamsifu fundi. Siku utakapofunga tela ukapanda mlima ndipo silinda hedi itakapolipa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya wazi kwamba usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemka. Miaka yote ile pikapu ilikuwa inaendeshwa na ugonjwa ndani, na Mzee alikuwa akisema tu "siku hizi inachoka mapema".

Nikaweka themostati mpya. Rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa, mkanda wa feni ukabadilishwa, na badala ya maji ya bomba tukatia kulanti. Waya wa breki ya mkono ukabadilishwa siku hiyohiyo. Hilo sikutaka lisubiri hata kesho.

Kulikuwa na jambo lingine, dogo kwa kulitazama. Tangu Mikumi tela lilikuwa linacheza mkia. Nikifika 70 linaanza kuyumba kushoto na kulia, na nikadhani ni upepo wa mabasi. Kumbe mafundi walikuwa wameifunga mashine nyuma mno, kwa hiyo mkono wa tela ulikuwa mwepesi, niliweza kuuinua kwa mkono mmoja. Unatakiwa uelemee gari, kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Kwa tela langu ni kama kilo 90. Tulilegeza nati, tukasogeza mashine mbele, tukaweka mkono wa tela juu ya mizani ya gunia ya jirani muuza mahindi, tukasogeza tena, hadi ikasoma 92. Tela halijacheza tangu siku hiyo.

Wapo walionishauri nipande na foa-wili. Kwenye lami kavu siwezi. Hilux hii haina difu ya katikati ya kuziachia ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, na kwenye kona ekseli ya mbele na ya nyuma zinashindana, kitu kinachoumia ni gia na shafti. Foa-wili naiweka kwa ajili ya tope la Ilembula mwezi wa tatu.

Mwaka huu mwezi wa nne niliirudisha mashine Morogoro kubadilishiwa ngoma ya kupukuchulia. Kushuka nilishuka kwa gia ya pili ileile ninayopandia, maana tela langu halina breki zake na kilo 940 zote zinasukuma mgongoni. Nilikuwa nagusa breki na kuachia, gusa na kuachia, bila kuikalia. Magari madogo yalipiga honi nyuma. Nilipopata upana niliyapisha.

Kurudi, tulilala Mbuyuni, tukaanza saa kumi na moja alfajiri hewa ikiwa baridi. Gia ya pili tangu chini. Kilomita 30 kwa saa, 35 panapolegea, mguu nusu, nikiangalia rangi ya moshi kwenye kioo. Mbele yetu kulikuwa na lori la mizigo, na badala ya kulinyatia niliacha nafasi kubwa, ili rejeta isivute hewa ya moto ya ekzosi yake. Sindano ilipanda kidogo tu juu ya kawaida yake, ikakaa. Shemeji alikuwa anaitazama kuliko mimi.

Katikati ya miguu yake alikuwa na kigingi cha mninga nilichomchongea, kikubwa kama tofali. Tulipomaliza kona ya mwisho na Ilula kuanza kuonekana, kukiwa kumepambazuka na akina mama wakipanga nyanya kwenye ndoo, aliniuliza kama sasa anaweza kukiweka nyuma kwenye bodi.

Nikamwambia akishike hadi Makambako.